Kwa Impreza, Inchi 17 Zinatosha

Mtu anayenunua Subaru Impreza WRX STI, yaani Impreza ya kasi, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, awe Nairobi au Dar es Salaam, mara nyingi huanza na rimu. Kabla hata hajamwaga oili, zile za inchi 17 zilizokuja na gari zimeshauzwa, na mahali pake zimefungwa za inchi 19 zinazong'aa. Gari hupendeza, sikatai. Hata hivyo, naamini kwamba mwenye gari huyo ametumia fedha nyingi kulipunguzia gari lake sifa ileile iliyomfanya alitamani, yaani kushika barabara.

Jambo lenyewe limeandikwa ubavuni mwa tairi. STI nyingi za wakati huo zilitoka kiwandani na matairi ya 225/45R17: namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hesabu hiyo, ubavu una milimita 101 hivi. Ukihamia 235/35R19, ubavu unashuka hadi milimita 82, ilhali kipenyo cha nje cha gurudumu zima kinaongezeka kwa asilimia 2 tu. Ndiyo maana hoja inayosikika kila mara, kwamba gurudumu kubwa hupita shimo kwa urahisi, haina nguvu hapa, kwa sababu gurudumu limebaki karibu lilelile na kilichobadilika ni kwamba aloi imechukua nafasi ya mpira na upepo.

Ubavu huo ndio springi ya kwanza ya gari. Kokoto, kiungio cha daraja au ukingo wa kiraka cha lami humezwa kwanza na tairi, na masalia tu ya mtikisiko ndiyo hufika kwenye springi na shokapu. Ubavu ukifupishwa, pigo hupita moja kwa moja hadi kwenye bushi, kisha kwenye usukani na mgongo wa dereva. Isitoshe, rimu kubwa mara nyingi ni nzito zaidi, hasa zile za bei nafuu, na uzito wa gurudumu haubebwi na springi bali hurushwa juu na chini na barabara yenyewe. Gurudumu zito likisharushwa na bonde dogo huchelewa kurudi chini, na tairi ambalo haligusi barabara haliwezi kufunga breki wala kushika kona.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba ugumu na ushikaji ni kitu kimoja. Nawapa haki yao: kwenye lami iliyonyooka, ubavu mfupi haujipindi sana, na usukani hujibu upesi. Lakini hiyo ni hisia ya mikononi, na haimaanishi kwamba gari linashika barabara zaidi. Magari ya Formula 1 yalikimbia kwa miongo kadhaa kwenye rimu za inchi 13 zenye matairi manene, hadi kanuni zilipobadilishwa na kuleta inchi 18 mwaka 2022, na hakuna aliyewahi kuyashutumu kwa uvivu kwenye kona. Mfano ulio karibu nasi ni wa rally. Katika mashindano ya dunia, gari lilelile hufungwa rimu za inchi 18 kwenye raundi za lami, lakini likija kwenye vumbi na mawe ya Safari Rally kule Naivasha hufungwa za inchi 15 zenye ubavu mrefu, na hata diski za breki hupunguzwa ili rimu hizo ziingie. Wahandisi wale hawana haja ya kumfurahisha mtu kwenye maegesho.

Ukitaka kuona gharama yake, kaa kwa fundi wa matairi nusu saa. Gari linaletwa kwa sababu tairi moja hupungua upepo kila baada ya siku mbili, na mwenyewe anasema ni pancha. Fundi anatumbukiza gurudumu kwenye pipa la maji, analizungusha polepole, na kwenye mpira hakuna kitu. Kisha mapovu madogo yanaanza kutoka upande wa ndani wa rimu, kwenye ufa mwembamba kama uzi, mahali ambapo ukingo ulipiga shimo na ubavu haukuwa na unene wa kuukinga. Rimu inachomelewa, inarudi barabarani, na kwa maoni yangu haipaswi kuaminiwa tena kwa kilomita 120 kwa saa.

Wapo wanaojaribu kulainisha mwendo kwa kupunguza upepo. Hilo ni kosa la pili juu ya la kwanza, kwa kuwa tairi fupi linabeba mzigo kwa hewa kidogo, na likilegezwa rimu hugonga mapema zaidi huku mabega ya tairi yakipata joto na kuliwa.

Sisemi kwamba rimu iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Kalipa za STI, yaani vibanio vya diski za breki, zilizotengenezwa na Brembo, ni kubwa, na inchi 16 za Impreza ya kawaida hazitaingia. Hata za inchi 17 si zote zinazoingia, kwa hiyo pima nafasi kati ya spoku na kalipa kabla ya kulipa. Mazda wao, ambao breki zao hazihitaji nafasi kubwa hivyo, huuza MX-5, gari dogo la michezo la viti viwili, yenye 195/50R16, na gari hilo linasifiwa dunia nzima kwa utamu wake. Mwenye STI anayetaka mabadiliko ya kweli abaki na 225/45R17, fedha za rimu azitumie kununua matairi mapya manne ya daraja la juu, na kitakachobaki akipeleke kwenye shokapu, ambazo baada ya miaka 20 pengine hazijawahi kuguswa.