Sidi Mubarak Bombay yuko ukingo gani?

Nimeirudia riwaya ya Philip José Farmer, To Your Scattered Bodies Go, na safari hii imeniudhi. Mara ya kwanza nilikuwa chuo. Umeme ulikatika nikiwa katikati, nikaimalizia kwa tochi ya simu mpaka adhana ya alfajiri, nikiona sijawahi kukutana na wazo tamu kama lile. Wazo bado ni tamu. Tatizo ni orodha ya waalikwa.

Kwa ambaye hajaisoma: binadamu waliowahi kuishi, zaidi ya bilioni 36, wanafufuliwa siku moja kandokando ya mto mmoja mrefu ajabu kwenye sayari nyingine. Wanaamka uchi, vipara watupu, wazee kwa vijana wote na miili ya miaka 25. Kila mmoja ana kopo la chuma limefungwa mkononi. Makopo yanapangwa juu ya jiwe kubwa lenye umbo la uyoga, na mara tatu kwa siku jiwe linatoa moto wa buluu na mngurumo. Ukifunua kopo lako unakuta nyama ya moto, mkate, sigara, na pombe kidogo. Ukifa, kesho yake unaamka sehemu nyingine ya mto. Hakuna mizani wala daftari la matendo. Kwa sisi tuliolelewa na habari za kiyama tangu madrasa au shule ya Jumapili, hilo peke yake linatosha kukukosesha usingizi.

Mhusika mkuu ni Richard Burton, na huyu kwetu si mgeni. Ndiye Mwingereza aliyeondoka Zanzibar na John Speke mwaka 1857, akapita Tabora, na Februari 1858 akafika Ujiji. Farmer anamtoa kitandani Trieste, alikofia mwaka 1890, na kumwamsha kabla ya wakati mahali pasipo juu wala chini, kati ya miili isiyo na hesabu inayozunguka polepole kama mishikaki jikoni. Ukurasa ule nimeusoma mara nne.

Na Burton anafanya nini akishafufuka? Anatengeneza chombo apande mto kutafuta chanzo chake! Nilicheka peke yangu. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ulimi umejaa vidonda hata kusema hawezi, alipanda mtumbwi kutoka Ujiji hadi Uvira ili aulizie Mto Rusizi: unatoka ziwani au unaingia? Kama unatoka, pengine ndiyo Nile. Wenyeji wakamwambia unaingia. Ndoto ikafia pale. Farmer alimjua mtu wake, akampa mto mwingine wa kumtesa.

Sasa nije kwenye kero yangu. Ukingoni Burton anakutana na nani? Alice, yule aliyeandikiwa hadithi za Alice alipokuwa mtoto. Hermann Göring wa Wanazi. Mfalme wa Roma ya kale. Kitabu cha pili kinamleta Mark Twain. Bilioni 36, na kila kona ni mtu mwenye sanamu au kitabu! Najua utanijibu kwamba riwaya inahitaji majina, na msomaji anafurahia kumtambua mtu. Kweli, nami nilifurahia. Lakini ukishasema wamefufuka wote, mimi nitaanza kuhesabu wasioonekana.

Wa kwanza ni Sidi Mubarak Bombay. Myao, alikamatwa mtoto akauzwa, akavushwa bahari mpaka India. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Zanzibar, akawa askari wa Sultani. Burton na Speke walimkuta huko pwani mwaka 1857 wakamchukua. Speke hakujua Kiswahili, kwa hiyo alizungumza na Bombay Kihindustani, na Bombay ndiye aliyewageuzia wengine maneno. Baada ya hapo akaenda tena na Speke, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone, kisha na Cameron kutoka pwani yetu hadi bahari ya Atlantiki, kwa miguu. Ukitaka mtu wa kukuongoza kwenye mto usiojulikana mwisho, utamchukua nani: mtu wa maktaba, au huyu?

Bombay alikuwa na meno yaliyochongwa. Miili ya Farmer inarudi mizima, na waliokatwa mkono wanaamka na mkono. Je, meno yale yangerudi yamechongoka au mazima? Na akiamka mdomo ni wa mtu mwingine, angejisikiaje? Ningelipa pesa nisome sura hiyo.

Nyuma ya Bombay wapo wapagazi, waliobeba vitambaa, shanga na waya za shaba, na Burton mwenyewe akiwa kwenye machela, hawezi kutembea. Safari ilipoisha mwaka 1859 kukazuka ugomvi wa malipo. Watu walidai hawakupewa walichoahidiwa. Burton akasema wameharibu kazi, hawastahili zaidi. Balozi wa Uingereza Zanzibar, Rigby, akalipeleka shauri hilo kwa serikali ya Bombay huko India, na Burton akakaripiwa kwa maandishi.

Kwa hiyo mimi sura ya kwanza ningeianza hivi: Burton anafumbua macho, uchi, kipara, kopo mkononi, anatazama mto na kuanza kuwaza chanzo chake. Nyuma yake majani yanachakarika. Wanaume thelathini hivi wametoka, uchi na vipara kama yeye, na aliyetangulia anamwambia, "Shikamoo bwana. Na ule ujira wetu?"