Na filamu ya pili je?

Mmeandika kuhusu mfuko mpya huko Marekani wa kuwapa waongozaji chipukizi Weusi fedha za filamu fupi. Vizuri, ila mimi nauliza ya pili itatoka wapi. Mwaka 1991 Julie Dash alitoa Daughters of the Dust, filamu ndefu ya kwanza ya mwanamke Mweusi wa Marekani kusambazwa kwenye majumba ya sinema nchini mwake. Ikasifiwa kweli kweli. Halafu? Studio kubwa zikamkalia kimya, akaishia kwenye kazi za televisheni. Kipaji kilikuwepo! Ndiyo maana Ava DuVernay, mwongozaji Mweusi wa Marekani, mwaka 2010 alianzisha kampuni ya kusambaza filamu, si ya kugawa tuzo na kupiga picha na washindi. Basi hawa wenye mfuko watuambie: hizo filamu atazionyesha nani, na wapi?