Kabla ya kuurutubisha uji wa mtoto, tuusafishe unga

Ukipita Soko la Mbuyuni hapa Moshi hukosi kuona unga wa lishe ukiuzwa: mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya na karanga vilivyosagwa pamoja, na wengine huongeza dagaa. Mama anayeununua ameambiwa kwamba vitu vikiwa vingi ndivyo mtoto atakavyonawiri, na anaamini hivyo kwa moyo wote. Hoja yangu ni kwamba tumeitilia mkazo mno idadi ya vitu vinavyoingia katika unga huo, huku tukiacha kuuliza vilikuwa katika hali gani vilipofikishwa mashineni.

Swali hilo limekwisha kuulizwa na watafiti, tena jirani kabisa na sisi. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Martin Kimanya, ambaye baadaye alikuwa profesa katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela iliyopo Arusha. Ulihusu watoto wachanga 215 wa Rombo, ambao 191 kati yao walikuwa tayari wanalishwa vyakula vya mahindi. Watafiti walipima fumonisini, ambayo ni mojawapo ya sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na kuvu wanaoota katika mahindi yakiwa shambani na hata ghalani. Watoto waliokula fumonisini kupita kiwango cha mikrogramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku walikuwa, walipotimiza miezi 12, wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao.

Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba sumukuvu ndiyo iliyowapunguzia watoto kimo, kwa sababu kaya yenye mahindi mabovu huenda ina upungufu mwingine pia. Hata hivyo, hausimami peke yake. Kule Benin watafiti waliwafuatilia watoto kwa miezi minane na kuona kwamba waliokuwa na aflatoksini, sumukuvu nyingine, nyingi zaidi katika damu waliongezeka kimo pungufu kwa takriban sentimita 1.7 kuliko waliokuwa nayo kidogo. Kuhusu aflatoksini yenyewe hatuhitaji mifano ya mbali: mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani.

Jambo linalonisumbua zaidi ni mgongano wa ushauri ambao mama huachiwa autatue mwenyewe. Kliniki anashauriwa atumie dona badala ya sembe, kwa kuwa kukoboa huondoa sehemu kubwa ya vitamini na madini. Ushauri huo ni sahihi. Lakini sumukuvu nazo hukaa kwa wingi katika ganda na kiini, sehemu zile zile zinazoondolewa wakati wa kukoboa, kwa hiyo dona iliyosagwa kutokana na mahindi mabovu humpa mtoto virutubisho na sumu katika kikombe kimoja. Kuchemsha uji kwa muda mrefu hakusaidii, maana aflatoksini haiharibiwi na moto wa kawaida wa jikoni. Kwa maoni yangu, hakuna anayepaswa kusifu dona mbele ya mzazi bila kumweleza, katika mazungumzo hayo hayo, namna ya kuchambua mahindi.

Kuchambua kwenyewe si elimu ngeni kwa bibi zetu. Mahindi humwagwa kwenye ungo penye mwanga, yakapepetwa, kisha punje zikapitiwa kwa vidole: iliyopasuka, iliyotobolewa na wadudu, iliyosinyaa, yenye vumbi la kijani karibu na kiini au utando mweupe unaoelekea waridi, zote hutolewa. Karanga zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa zile zilizosinyaa na kubadilika rangi ndizo huuzwa kwa bei nafuu, na zikishasagwa hakuna jicho linaloweza kuzitambua. Jaribio lililofanywa Rombo kwa kaya zenye watoto wachanga lilionesha kwamba kuchambua, kukausha mahindi bila kuyagusisha udongo, kuyakinga na wadudu na kuyakoboa hupunguza sumukuvu kwa zaidi ya nusu. Hizo ni mbinu ambazo kaya ya kawaida inaweza kuzifuata.

Kwa mtazamo huo, ningependa mtori upewe tena nafasi katika ulishaji wa watoto wetu baada ya kutimiza miezi sita. Ndizi iliyopondwa pamoja na nyama laini au maziwa humpunguzia mtoto utegemezi wa mahindi kutwa nzima, na hapa Kilimanjaro hakuna asiyejua kuipika. Inasikitisha kuona mzazi mwenye mgomba uani akidhani kwamba chakula halisi cha mtoto ni kile cha mfukoni.

Udumavu nchini umepungua, kutoka asilimia 34 ya watoto walio chini ya miaka mitano katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Hayo ni mafanikio, ingawa bado ni takriban watoto watatu katika kila kumi, na sidhani kama mzigo uliobaki utaondolewa kwa mawaidha yanayoelekezwa kwa akina mama pekee. Debe la mahindi likichambuliwa hupungua, na kwa anayenunua kwa kilo punje zinazotupwa ni pesa yake. Akizimwaga kwa ng'ombe ili asipate hasara, aflatoksini hupita na kurudi kwa mtoto ndani ya maziwa. Halmashauri zetu zinatoa leseni kwa wasagaji na wauzaji hao. Basi zigharamie pia upimaji wa sumukuvu mara kwa mara, zikianza na unga unaouzwa kwa ajili ya watoto, na majibu yabandikwe sokoni pale unga unapouzwa.