Hata Gae Limegoma

Gilezi ni ile ngozi ya kioo inayovishwa chungu. Kwenye karatasi haina makuu: silika, yale madini ya mchangani, ndiyo inayogeuka kioo, majivu huiyeyusha, kaolini, ule udongo mweupe, huishikilia isitiririke. Fundi alinieleza hayo taratibu, nami nikatikisa kichwa kama niliyeelewa.

Alipotoka tu, nikavikagua vipimo vyake kwa jicho la mwanamageuzi. Silika peke yake haiyeyuki mpaka ivuke nyuzi 1,700, na tanuri letu linaishia 1,250 hivi. Basi shujaa hapa si majivu? Nikayaongeza. Kaolini haina rangi, haing'ai, imekaa tu mle kama shemeji aliyekuja kusalimia akahamia. Nikaipunguza.

Ikabaki kobalti ya kuleta buluu. Nusu gramu kwa kila gramu 100 za unga! Uchoyo gani huu? Mzani wenyewe haukusoma kitu kidogo hivyo, nikachota kwa kijiko. Ndoo ikatoa rangi ya zambarau iliyopauka, ya kutia huruma, nikaihurumia kwa kijiko cha pili. (Kwamba gilezi mbichi haifanani na iliyochomwa, Fundi alishasema. Ila alisema wakati natafuta barakoa.)

Nikachovya bakuli. Likanywa vizuri, nikalichovya tena. Kitako hufutwa kikabaki udongo mtupu. Changu kilikuwa kimependeza, nikakiacha.

Tanuri lilipopoa tukafungua. Bakuli lilikuwa limevuliwa nguo! Gilezi yote ya nje imeshuka, imefanya dimbwi la buluu kwenye rafu, na dimbwi limelifuata birika la mwenzangu mpaka kwake. Mwenye birika akalivuta. Bakuli langu likaja nalo. Rafu nayo ikataka kuja.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Hapa hata gae lenyewe lilikuwa limegoma kutoka.

"Mwanangu, ulifuta kitako?"

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Ulifuta kitako?"

Nikainama kukagua viatu vyangu. Fundi naye akainama, lakini yeye alichungulia ndani ya bakuli, akanyamaza. Mle ndani gilezi ilikuwa haina pa kukimbilia. Ilikuwa imetuama chini, buluu nzito yenye michirizi ya maziwa inayopanda kuelekea ukingoni. Akawaita wengine waje waone. Hata mwenye birika alisahau kununa kidogo.

"Hii nzuri," Fundi akasema. "Nipe vipimo."

"Majivu ya kutosha. Kobalti vijiko viwili, kimoja na kilima."

"Kijiko kipi?"

Mezani kulikuwa na vijiko vya kila ukubwa, vyote vinang'aa. Kwenye kuosha vyombo nina nidhamu sana.

Fundi akafungua droo, akanikabidhi nyundo na patasi.

"Vaa miwani ya kukinga macho. Anza na birika la mwenzio."