Kabla ya Kumtoboa Koo, Tuelezeni

Baba mdogo hununua dagaa Mwaloni, Kirumba. Alfajiri moja bodaboda ilimgonga, akaingia ICU, wodi ya mahututi, na mpira wa kupumulia mdomoni. Siku ya nane daktari alitoka na fomu ya Kiingereza: "Tunataka kumtoboa koo, sahihini hapa." Mama mdogo akairudisha. Kisu shingoni, kwake, ni kuchinja.

Simlaumu hata kidogo. Nani alikuwa amemweleza?

Usiku wa pili baada ya hapo nesi wa zamu alichana boksi la glovu, akachora shingo kwa kalamu ya bluu. "Mama, ona. Sauti inatoka hapa juu. Sisi tunapita hapa chini, kati ya pete za koo la hewa. Tunachoma sindano, tunapitisha waya, tunapanua taratibu mpaka mpira uingie. Hatumtoi hata kitandani kwake." Halafu akasema lile ambalo daktari hakuligusa: "Akizinduka hatatoa sauti, maana hewa haitafika kwenye nyuzi za sauti. Usishtuke. Mpira ukitolewa, mara nyingi sauti hurudi." Mama mdogo akauliza atakulaje, atakaa nao muda gani. Akasaini.

Dakika ishirini tu, na sisi tulishapoteza siku mbili.

Najua wahudumu wanazidiwa. Lakini kwamba hakuna muda, hilo silikubali. Mtu anayekabwa hewa, mtoboeni papo hapo, tutaulizana baadaye. Aliye tayari kwenye mashine ya kupumulia ni habari nyingine. Uingereza waliwapanga wagonjwa 909 wa ICU katika makundi mawili, matokeo yakachapishwa 2013. Kundi la kutobolewa ndani ya siku 4 halikunusurika zaidi ya lile la kusubiri siku 10 na kuendelea. Tena zaidi ya nusu ya waliopangiwa kusubiri hawakutobolewa kabisa. Sasa nusu saa ya kuzungumza na ndugu inamdhuru nani?

Na ndugu akielewa, anakuwa jicho la ziada. Ule mpira ukiziba kwa makohozi, unaua. Mama mdogo alifundishwa kuusikiliza. Jumapili moja mchana, wodini, alisikia pumzi za mumewe zinakwaruza, akatoka mbio: "Sista, njoo, unaziba!" Nesi akachomoa mpira wa ndani, ule mdogo unaokaa ndani ya ule mkubwa. Ulikuwa umejaa makohozi mazito, yamekauka kama gundi.