Muuguzi wa usingizi asiachwe peke yake

Kila mjadala wa nani aruhusiwe kutoa dawa ya usingizi ukiibuka, watu hugombania cheo: ni daktari au si daktari? Kwa hospitali za wilaya Tanzania, ugomvi huo haumsaidii mgonjwa. Huko kazi hii hufanywa zaidi na wauguzi na matabibu waliosomea usingizi kwa takriban mwaka mmoja. Wakizuiwa leo, mama mwenye uchungu pingamizi, mtoto amekwama njiani, atapewa usingizi na nani kesho?

Mimi nauliza: anayetoa usingizi ana vifaa gani, na mambo yakiharibika anampigia nani?

Chukua ganzi ya mgongo kwa upasuaji wa kujifungua. Dawa ya ganzi ni bupivakaini nzito ya 0.5%, mililita 2 au zaidi kidogo. Mama ainamishwe kushoto digrii 15 ili mji wa mimba usikandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na presha ipimwe kila dakika mpaka mtoto atoke. Efedrini, dawa ya kupandisha presha, ya miligramu 30 iwe imeshachanganywa kufikia mililita 10 kabla sindano haijagusa mgongo. Presha ikiporomoka hakuna muda wa kuvunja ampuli. Muuguzi aliyefunzwa vizuri anayamudu haya, pengine kuliko daktari aliyepita idara ya usingizi kwa wiki chache tu.

Balaa ni ganzi ikipanda mno. Vidole vinalegea, sauti inafifia, pumzi zinakata. Sasa lazima mpira uingizwe kwenye njia ya hewa. Ukipotelea kwenye umio, yaani njia ya chakula, kipimo cha oksijeni cha kidoleni bado kinaweza kusoma 98 kwa muda, maana mama alishavutishwa oksijeni. Kikianza kushuka, umeshachelewa. Kapnografu, mashine inayopima kabonidayoksaidi katika pumzi anayotoa mgonjwa, husema pale pale. Mawimbi ya kabonidayoksaidi yakiendelea kwa pumzi 7, mpira uko mahali pake. Yasipoonekana, utoe. Hakuna cheti kinachoziba pengo la mashine hiyo, hata cha ubingwa.

Viwango vya kimataifa vya mwaka 2018, ambavyo WHO imeviunga mkono, vinataka daktari bingwa wa usingizi asimamie pale inapowezekana. Wilayani, mara nyingi anayehesabiwa msimamizi ni daktari yuleyule anayepasua. Hilo nalipinga kabisa: mikono yake imo tumboni mwa mama, macho yake yako kwenye damu. Msimamizi awe bingwa wa hospitali ya rufaa aliyepangiwa zamu ya simu, namba ibandikwe juu ya mashine ya usingizi, na ipokewe hata saa nane za usiku.