Nilikuwa na bukta, acheni uongo

Wadau, najua wengi wenu mshaisikia ile voisi noti. Aliyeirusha simtaji, anajijua, na kama anasoma hapa akumbuke namdai bando. Eti nimetoka ndani uchi wa mnyama, mbio mpaka barabarani, namwita mama. Kwanza barabarani sikufika, niliishia kwenye karo. Pili nilikuwa na bukta. La mama tuliache.

Mnajua mimi naedit video za harusi. Mashine yenyewe ni desktop ya mtumba, zile zinazotoka maofisini Ulaya zinashushwa Kariakoo, na tangu joto la Januari lianze ikawa inanizimikia. Sio kustaki, kuzima kabisa. Nikipiga muziki haina neno, nikikata vipande haina neno, ila nikibonyeza eksipoti tu, yaani itoe video iliyokamilika, bi harusi hajamaliza hata kuingia ukumbini, pap, giza.

Na Bongo kila mtu ni fundi. Piga windo upya, nikapiga windo, ikazima. Ni virusi hivyo, nikaweka antivairasi, ikazima katikati ya skani. Ni RAM hiyo, zile kadi za kumbukumbu, toa usugue kwa ufutio, nikasugua yale meno ya dhahabu mpaka yakang'aa, nikaiachia Memtest, programu ya kupima RAM, kwenye flashi usiku kucha, asubuhi hakuna kosa hata moja, RAM zangu ni safi kuliko roho ya yule jamaa wa voisi noti. Ni umeme huo, tafuta stabilaiza. Nikaazima. Ikazima vilevile, stabilaiza imewasha kitaa chake cha kijani inaniangalia tu.

Ila nilishaanza kushtukia kitu. Windows 10 ikianguka kwa sababu ya draiva mbovu, mara nyingi inakupa ile skrini ya bluu yenye kiuso kilichonuna, halafu inaacha faili kwenye folda ya Minidump. Folda yangu tupu. Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nayo imejaa Kernel-Power 41 mwanzo mwisho, na hiyo 41 haikuambii chochote zaidi ya kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Ukiona hivyo achana na windo, fuata umeme au joto. Nikashusha kiprogramu cha kusoma joto, nikabonyeza eksipoti, nikatoa macho. 71. 84. 93. 98. Giza. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia nyuzi 100 zinajipunguza spidi zenyewe, joto likizidi kupanda zinajizima zisiungue. Kumbe mwenzangu anajiokoa na mimi namtukana.

Sasa njooni kwenye aibu.

Jumamosi alasiri, ndani kunachoma, sina shati, nimejifunga kikoi juu ya bukta (andikeni hapo, juu ya BUKTA). CPU, yaani boksi lenyewe la mashine, nimeilaza sakafuni, ubavu wazi, inawaka maana nataka kuona feni inazungukaje, na feni ya mezani naipulizia humo humo. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa, video koo na yule jamaa, ananiongoza. Nje uani, chini ya mwembe, mama mwenye nyumba na wenzake wana kikao cha kikoba. Mlango wangu uko wazi, kuna pazia tu.

Jamaa anasema inama uangalie vizuri. Nikainama na tochi. Feni ya prosesa inazunguka, chini yake vumbi limeshonana mpaka limekuwa shuka. Halafu pembeni kwenye kona ya kesi nikaona vitu viwili vyeupe, vya duara, vimegandana. Nikadhani ni vile vipipa vya umeme vya kwenye bodi, nikamuuliza hizi nazo kapasita gani nyeupe? Kasema gusa. Na mimi msomi nikagusa. Nikamwambia kaka, hii sio kapasita. Naye kanyamaza.

Ndo nikaona jicho.

Liko nyuma ya hizo kapasita zangu, halipepesi. Baadaye nimekuja kusoma kwamba mjusi kafiri hana kope za kupepesa, lakini wakati ule niliona ananipania tu. Tukatazamana. Nikaanza kurudisha mkono taratibu, na yeye akarudisha kichwa taratibu, nikajua basi, watu wazima tumeelewana. Na tungeelewana kweli, wadau, kama sio yule mshenzi kwenye simu kupaza sauti, "OYA MBONA KIMYA?"

Mjusi akaruka. Akanitua kifuani. Ubaridi kwanza, halafu vile vidole, kimoja kimoja, vinashika. Akapanda kidogo, akasita, akabadili mawazo, akashuka tumboni, akakuta kikoi, akaingia.

Sauti iliyonitoka siijui ni ya nani. Nilisimama, kikoi kikanasa kwenye msumari wa fremu ya mlango kikabaki hapo, mimi nikaendelea, pazia nalo likaning'oka na waya wake likanifunika kichwa, kwa hiyo nakimbia sioni. Nimekanyaga mkeka. Nimekanyaga makaratasi, naambiwa zilikuwa noti. Fikirieni wale akina mama, wamekaa wanahesabu hisa zao, anatokea mwanaume kifua wazi, kajifunika uso, anapiga kelele, anapita juu ya hela. Mweka hazina alizifumbata zote akazilalia. Mwingine aliita mwizi. Mimi nikagonga karo, nikasimama, kimya kikatanda.

Mama mwenye nyumba akasema kwa upole kabisa, "Baba, una nini?"

Nikajibu nikiwa ndani ya pazia, "Shikamooni."

Sijui kwa nini. Malezi. Wakaitikia marahaba, wawili watatu hivi. Na hapo ndo mkia wa mjusi ukadondoka kutoka kwenye bukta, peke yake, unarukaruka juu ya mkeka, na kikoba kikavunjika kabla ya Desemba.

Halafu kitu kimoja nikiweke sawa maana komenti zote mnasema mjusi kaua mashine. Mjusi hana hatia. Alifuata joto atage. Kwenye CPU za aina yangu feni na lile bati lake la kupozea vinashikiliwa na miguu minne ya plastiki, mmoja ulikuwa umechomoka, bati limeinama haligusi prosesa sawasawa, pesti ya kupitisha joto katikati imekauka imekuwa unga. Nimefuta kwa spiriti, nimepaka pesti mpya, nimepuliza kwa blowa, miguu nimeibana yote mpaka ikalia ka. Eksipoti sasa hivi inacheza kwenye 67, bi harusi kaingia, kakata keki, kalia, mzigo umeshakabidhiwa. Mayai nimeyahamishia nyuma ya kabati, msianze.

Jana jioni mama mwenye nyumba kamtuma mjukuu kwangu na laptop, nayo inazima yenyewe. Kasema hana haraka, ila nikianza kuifungua nifunge mlango kwa funguo.